Upinde Juu ya Nota

Ninayo karatasi moja kuukuu ya kwaya iliyonakiliwa kwa mkono huko Kiptere, katika nchi ya chai ya Kericho, mahali nilipokulia. Imeandikwa kwa solfa, yaani kwa zile herufi za d, r, m, f ambazo wanakwaya wengi wa Kenya huzijua kabla hawajaiona mistari mitano ya nota. Aliyeinakili alikuwa na haraka, au labda taa yake ilikuwa inaishiwa na mafuta. Katika mstari wa tatu amepiga kistari chini ya herufi, na desturi ya solfa ni kwamba sauti zilizopigiwa kistari cha namna hiyo huimbwa kwa silabi moja, bila kukatwa. Lakini kistari chake chaanzia katikati ya herufi mbili na kuishia katikati ya nyingine mbili. Je, kimeshika sauti mbili, au tatu, au nne? Sauti ya kwanza walikisoma hivi, sauti ya nne wakakisoma vile, na Jumapili ile neno moja likaimbwa kwa namna mbili mbele ya watu wote.

Pengine utasema ni jambo dogo. Lakini kama umezaliwa katika nyumba ya mkulima wa chai, huenda umesikia wazee wakisimulia habari za karatasi za mizani zilizoandikwa kwa mkono, na karani ambaye 1 yake ilifanana na 7. Kilo 11 si kilo 17, na kijistari kimoja kilichopotea kilikuwa ni sukari ya nyumba iliyopotea. Hata hivyo mkulima alikuwa na bahati moja: karani yupo, na kesho yake angeweza kurudi kituoni akamwuliza. Habari nitakayokusimulia ni ya watu waliokufa zamani, ambao mwandiko wao ungali ukisomwa kila siku na watoto wanaojifunza piano, Nairobi kama Warsaw, wala hakuna wa kumwuliza.

Ukifungua kitabu cho chote cha muziki wa piano utaona juu ya nota mistari myembamba iliyopindwa mfano wa upinde wa mwindaji. Katika insha hii nitaiita pinde. Mojawapo ya asili zake ni fidla. Upinde uliochorwa juu ya nota nne ulimwamuru mpigaji azipige zote nne kwa mvuto mmoja wa ule upinde wake wa nywele za farasi, asiugeuze mkono. Piano haina kifaa hicho. Ndani yake nyundo hupiga waya, na sauti ikishazaliwa huanza kufifia papo hapo. Basi alama iliyokuwa amri kwa mkono wa mpiga fidla ikawa kwa mpiga piano ni jambo la kuwazia: ziunganishe sauti hizi kana kwamba zatoka katika pumzi moja. Baadaye watunzi wakaitumia tena kuonyesha kifungu kizima cha wimbo, mfano wa sentensi. Na tangu zamani ilikuwapo kazi yake nyingine, ya kufunga nota mbili zilizo sawasawa ili ziwe sauti moja ndefu. Alama ni moja, kazi zake ni tatu, wala haina kibandiko cha kukuambia leo iko katika kazi gani.

Ili uone uzito wa jambo hili, soma maneno haya: Mama Asha amekuja. Sasa yasome tena, ukituama kidogo baada ya neno la kwanza: Mama, Asha amekuja. Herufi ni zile zile, lakini aliyekuja si yule yule. Katika usemi wa kwanza mgeni ni mama. Katika wa pili mgeni ni Asha, na mama ndiye anayepewa habari. Upinde wa muziki hufanya kazi kama ya mkato huo.

Chukua mfano ulio mwepesi. Mtunzi Frédéric Chopin, aliyezaliwa Poland mwaka 1810 na kufariki Paris mwaka 1849, aliandika vipande 24 vifupi vya piano vinavyoitwa Preludes. Cha nne miongoni mwake kina vipimo 25 tu, na hata mwanafunzi wa miaka michache aweza kukipiga. Wimbo wake waanza kwa sauti mbili jirani ambazo kwa solfa tungeziita mi na fa: mi ndefu, fa fupi, mi ndefu, fa fupi, na tena hivyo, huku mkono wa kushoto ukishuka polepole chini yake. Sasa jiulize, ile fa fupi ni mkia wa mi iliyotangulia, au ni mlango wa mi inayofuata? Ukiifanya mkia, wimbo waugua na kupumua kila mara. Ukiifanya mlango, wimbo wavutwa mbele kama mtu anayepanda kilima bila kupumzika. Nota hazikuambii. Kama kuna kitu katika karatasi kitakachokuambia, ni upinde.

Na upinde wa Chopin, msomaji, ni mtihani. Katika zama zake sheria ya nchi moja haikumlinda mtunzi katika nchi nyingine, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kuuza kazi moja kwa wachapishaji watatu, wa Paris, wa Leipzig na wa London, ili itoke kila mahali karibu wakati mmoja. Hapakuwa na mashine ya kutoa nakala. Pengine aliandika mwenyewe zaidi ya mara moja, na kila alipoandika alibadili hiki au kile. Pengine alimpa rafiki anakili. Pengine kurasa za majaribio za Paris ndizo zilizovuka bahari hadi London.

Zile Preludes alizimaliza katika kisiwa cha Majorca, wakati wa baridi ya mwaka 1838 kuingia 1839, alipokuwa mgonjwa katika nyumba ya zamani ya watawa huko Valldemossa, akingojea piano iliyocheleweshwa forodhani. Mwezi wa Januari 1839 aliutuma mswada kwa rafiki yake Julian Fontana aliyekuwa Paris, akamwagiza aunakili. Nakala ya Fontana ikaenda Leipzig, mswada wenyewe ukabaki Paris kwa mchapishaji wa huko, na London wakafuata chapa ya Paris. Basi tangu mwaka ule wa kwanza Wajerumani walikuwa wakimsoma Chopin kwa mkono wa Fontana. Fontana alikuwa rafiki mwema na mwanamuziki, lakini pinde zake hazikai kila mara mahali zilipokaa zile za mwenye kazi. Mswada wa Chopin mwenyewe umehifadhiwa hata leo katika Maktaba ya Taifa ya Poland, mjini Warsaw, na picha zake zimechapishwa, kwa hiyo mtu ye yote aweza kuzilinganisha.

Akilinganisha ataona nini? Ataona mkono uliokwenda mbio. Upinde mmoja waishia juu ya nota, mwingine waishia hewani kati ya nota mbili, kama kile kistari cha Kiptere. Pengine pinde mbili zakutana mahali pamoja, mwisho wa huu ukigusa mwanzo wa ule, na huwezi kusema kama ni vifungu viwili au ni kimoja ambacho mwandishi alichovya kalamu katikati yake. Lakini tatizo kubwa kuliko yote liko mwishoni mwa mstari. Mkono wafika ukingoni mwa karatasi, upinde ungali wazi, wachungulia nje ya ukingo kana kwamba wataka kuendelea. Unashuka mstari wa chini kutafuta sehemu iliyobaki, na hakuna kitu. Au kinyume chake: mstari wa juu umefungwa vizuri, na wa chini waanza na upinde utokao kusikojulikana. Mkono ulipokuwa ukisafiri kutoka kulia kurudi kushoto, fikira ilikwisha kwenda kwenye nota zinazofuata.

Sasa umpe mswada huo mchonga sahani. Siku zile muziki ulichapwa kwa sahani za madini laini, na fundi alizichora kinyumenyume, kama sura katika kioo, ili zikichapwa zisomeke sawa. Vichwa vya nota alivipiga kwa mihuri ya chuma, na kila kichwa kikawa sawa na mwenzake. Lakini upinde hauwezi kuwa na muhuri, maana kila mmoja una urefu wake. Aliuchonga kwa mkono, kwa kukisia. Hivyo katika ukurasa mzima kitu kilichotegemea zaidi jicho na subira ya fundi kilikuwa ni kile kile alichokuwa amekiacha wazi mtunzi. Tena mistari ya kitabu haikukatika mahali ilipokatika mistari ya mswada. Upinde uliokatika kwa sababu karatasi ya Chopin ilikwisha, ukachapwa umekatika katikati ya mstari, pasipo sababu yo yote, na mwanafunzi wa leo anapumua hapo kwa heshima kubwa, kumbe anaheshimu ukingo wa karatasi.

Chopin hakuwa mtu wa kupuuza mambo haya. Mwanafunzi wake Karol Mikuli, aliyezitoa kazi za mwalimu wake mjini Leipzig mwaka 1880, ametuachia ushuhuda wa maana sana. Asema kwamba Chopin alimfananisha mpigaji anayekata vifungu vibaya na mtu aliyekariri kwa taabu hotuba ya lugha asiyoijua: hajali urefu wa silabi, na hutua hata katikati ya neno. Sisi wa nchi hii hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo. Ni nani asiyepata kumsikia mgeni akisoma hotuba ya Kiswahili aliyoandikiwa? Maneno yote yamo, hata moja halikukosekana, lakini wazee waliokaa mbele wanatazamana.

Wala si Chopin peke yake. Mwezi wa Agosti mwaka 1825 Ludwig van Beethoven alimwandikia barua Karl Holz, mmoja wa waliomsaidia, juu ya nakala za utungo wake mpya wa ala nne za nyuzi. Alikasirika. Mnakili alikuwa amechanganya nukta na vistari vinavyowekwa juu ya nota, ambavyo kwa Beethoven havikuwa kitu kimoja, tena hakuziweka pinde mahali pake. Naye akaagiza zinakiliwe kama zilivyo. Mimi humhurumia mnakili yule. Miswada mingi ya Beethoven ni kama shamba lililopitiwa na ng'ombe, na kutofautisha nukta iliyovutwa na kistari kilichofupika katika shamba lile ni kazi ya kuumiza macho.

Naye Franz Schubert wa Vienna, aliyefariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31, aliacha fumbo la namna yake. Alama ya mkazo ni kijembe kidogo kilicholala, ncha yake kulia. Alama ya kupunguza sauti ni kijembe hicho hicho, ila ni kirefu. Schubert alipoandika mkazo mkono wake uliurefusha mno, hata mara nyingi hujui kama ataka upige kwa nguvu au unyamaze polepole. Sauti ya mwisho ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake isiyokamilika, ya mwaka 1822, ilichapwa kwa muda mrefu kana kwamba yafifia. Wahariri wa baadaye waliorudi kwenye mswada wakaisoma kuwa ni mkazo. Fikiri jinsi wasikilizaji walivyotoka ukumbini: hawa wamebembelezwa, hawa wamepigwa kofi, na chanzo ni urefu wa kijembe. Katika miswada yake ya piano fumbo ni lile lile.

Mtunzi akishakufa, mwenye kalamu ni mhariri. Mwishoni mwa karne ya 19 wahariri wengi waliona ni wajibu wao kumsaidia mwanafunzi, wakazijaza kurasa pinde zao wenyewe. Hugo Riemann, mwanachuoni wa Ujerumani, alitoa vitabu vya Mozart na vya Beethoven ambavyo pinde zake zilieleza maoni ya Riemann juu ya sentensi za muziki, wala si mwandiko wa watunzi. Alifanya kwa elimu na kwa nia njema. Lakini msomaji hakuweza kujua upinde upi ni wa nani. Mwaka 1925 Heinrich Schenker wa Vienna aliandika insha kali kutaka pinde za namna hiyo zitupwe kabisa. Mwaka 1948 Günter Henle alianzisha katika Ujerumani nyumba ya uchapishaji yenye kusudi la kurudi kwenye miswada na chapa za kwanza, na katika Poland Jan Ekier alianza mwaka 1959 kazi ya kutoa chapa ya taifa ya Chopin, ambayo haikukamilika mpaka mwaka 2010.

Mimi mwenyewe jambo hili limepata kuniuma. Nilipokuwa kijana nilipiga kipande kimoja cha Chopin katika mashindano fulani, kwa kitabu cha zamani nilichoazimwa. Nilipumua mahali ambapo upinde wa kitabu changu uliishia. Mwamuzi alikuwa na kitabu kingine mbele yake, akaandika kwamba nimekata sentensi katikati, na alama zikapungua. Nilirudi Kiptere nikiamini kwamba sina masikio. Miaka mingi baadaye niliona picha ya mswada wenyewe. Upinde ulipita nota yangu, haukuifikia nota ya mwamuzi, ukaishia hewani katikati yetu sote wawili.

Basi mtu afanyeje? Watu wengine husema: kwa kuwa haijulikani, kila mtu apige apendavyo. Siwaungi mkono. Tunapokuta neno lisilosomeka katika barua ya baba hatusemi kwamba baba aliandika cho chote tutakacho. Twatazama maneno ya kandokando, twatazama jinsi alivyozoea kuandika herufi hiyo mahali pengine, twauliza jambo gani lilikuwa likimshughulisha siku zile. Vivyo hivyo msomaji wa mswada hutazama kwanza desturi ya mkono: je, mtu huyu huanza pinde zake kabla ya nota kila mara, au ni hapa tu? Hutazama mkono wa kushoto unafanya nini, maana mara nyingi badiliko la sauti za chini huonyesha mahali sentensi inapogeuka. Hutafuta mahali ambapo wimbo huo huo warudi, aone kama upinde umerudi vile vile.

Hapa nikuonye, kwa kuwa wahariri wengi wameanguka katika shimo hili. Wakikuta wimbo umerudi na upinde wa tofauti, husema mtunzi amesahau, nao husawazisha. Lakini wewe ukimsimulia rafiki habari mara mbili, je, hutua mahali pale pale? Chopin alipenda kusema jambo mara ya pili kwa pumzi nyingine, na mhariri anayesawazisha pinde zake ananyoosha kitu kilichopindwa kwa makusudi. Mimi heri nibaki na upinde wa ajabu unaonisumbua kuliko upinde safi ambao mwenyewe hakuuandika.

Na kuna msaada mwingine ulio bora: watu waliosikia. Chopin alifundisha piano karibu kila siku, na katika vitabu vya wanafunzi wake aliandika masahihisho kwa kalamu ya risasi. Vitabu vya mwanafunzi wake Jane Stirling, majuzuu saba, viko katika maktaba ya taifa ya Ufaransa. Pwani yetu yajua sana thamani ya ushahidi wa namna hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa mwandiko wa zamani zilitumia alama moja kwa e na i, na moja kwa o na u, na b moja iliyobeba pia p na mb. Pata, bata na mbata yaliweza kuandikwa sawasawa. Yangesomwaje kama si Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyakusanya vinywani mwa wazee na kumfafanulia William Taylor? Diwani ile ilipochapishwa na Hichens mwaka 1940 karatasi peke yake isingetosha. Ilikuwapo nyuma yake sauti ya mtu aliyejua mshairi alitua wapi.

Katika nchi yetu ya Kericho tumeachiwa kitu kilicho kinyume cha mswada wa Chopin. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake, akawarekodi Wakipsigis wakiimba, na miongoni mwa nyimbo hizo ni ule wa wasichana uitwao Chemirocha, jina ambalo kwa maelezo ya Tracey lilitokana na la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers. Baada ya miaka zaidi ya 60 nyimbo hizo zilirudishwa Kapkatet, zikasikilizwa tena na wenyewe. Huko hakuna nota wala upinde, lakini pumzi zote zimo: wasikia wasichana wanapovuta hewa, wasikia sauti moja ikitangulia kidogo na nyingine zikiifuata. Chopin alituachia alama bila pumzi; wasichana wa Kapkatet wametuachia pumzi bila alama. Na siku moja mwalimu fulani wa kwaya atataka kuuandika wimbo ule kwa ajili ya wanafunzi wake. Atasikiliza mara kumi, mara ishirini, ataweka herufi zake moja baada ya moja, kisha atashika kalamu ili apige kistari chini yake, naye itambidi aamue kianzie wapi na kiishie wapi.

Ile karatasi ya Kiptere ningali ninayo. Sikukifuta kile kistari, wala sikukirefusha. Nimeandika pembeni, kwa kalamu ya risasi, jinsi sauti ya kwanza walivyoimba na jinsi sauti ya nne walivyoimba, na tarehe ya Jumapili ile.